Jeuri ni ya nani?



Mu daftari za tabia, mu shule nyingi, kuna neno moja lenye linarudia kuliko mengine. Si uchelewaji, si uchafu. Ni jeuri. Fulani, klasi ya saba: jeuri. Fulani, klasi ya nane: jeuri. Neno moja tu, kiisha daftari inafungwa. Lakini neno hilo lina bei. Linaondoa alama za tabia, linamutuma mutoto kukata majani Siku ya Posho wakati wenzake wanacheza mpira, na mwisho wa mwaka, alama za tabia zikishuka sana, linaweza kumufungia mutu mulango wa shule.

Sisi makapita wa mwaka wa mwisho tumepewa kalamu ya daftari hiyo. Kwa hiyo tunaona inafaa kuuliza mbele yenu wote: jeuri ni nini? Lilitoka wapi neno hili, na ni ya nani? Mutu mwenye hajui maana ya kosa, atalihukumu namna gani?

Tuanze ku mwanzo. Jeuri si neno la Kiluba. Lilifika kwetu pamoja na Kiswahili, na Kiswahili kililipokea kwa Waarabu, wenye wanasema jawr. Mu Kiarabu, shina la neno hili ni kuacha njia iliyo sawa, kupinda kando. Kutoka pale likachukua maana ya kudhulumu na kuonea, sababu mutawala mwenye anaonea watu ni mutu mwenye ametoka mu njia ya haki. Kinyume chake Waarabu wanasema adl, na sisi tukapata adili na uadilifu. Watu wa Kamina hatuhitaji mufano mrefu juu ya hiyo. Mji wetu ni njia panda ya reli: laini moja inatoka Lubumbashi, moja inapanda Kasai mpaka Ilebo, na ingine, yenye ilimalizika mwaka 1956, inaelekea Kabalo. Kila mutoto hapa anajua kama mashini ikitoka ku reli, haianguki peke yake. Inavuta wagoni zote na watu wenye wako ndani.

Ku pwani neno lilishika maana hiyo ya uzito kwa muda mrefu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza jeuri kuwa ni nguvu ya ukatili, maonevu na udhalimu. Leo hii, ukimuuliza mutu njiani, atakujibu: jeuri ni ujuvi, ni ufidhuli, ni kukosa heshima. Muone vile neno limetembea! Zamani jeuri ilikuwa kitu chenye mukubwa anamutendea mudogo. Leo, karibu kila mara ni mudogo njo anaambiwa: "Weye, uko na jeuri!" Mushitaki na mushitakiwa wamebadilisha viti. Neno lenye lilikuwa na maana ya kupoteza njia, lenyewe limepoteza njia.

Mutu mmoja atasema: maneno yanabadilika, muache. Ni kweli, yanabadilika. Lakini hapa tusikubali haraka, sababu watu wengi wa akili, mu mataifa mbalimbali, waliona jambo moja lile lile.

Tuchukue Wayunani. Wao walikuwa na neno hubris, na mu mji wa Athene hubris ilikuwa kosa la mahakama. Mwaka 348 mbele ya Kristo, tajiri mmoja jina lake Meidias alimupiga Demosthenes ngumi ku uso, mu teatro, siku ya sikukuu, mbele ya watu wote. Demosthenes aliandika hotuba ya kumushitaki, na hotuba hiyo ipo mpaka leo. Mashitaka yake makubwa hayakuwa maumivu ya ngumi. Alishitaki aibu: kupigwa na mutu mwenye anakuangalia kama si kitu, huku wengine wanatazama. Na sheria yao ya hubris ilikataza kumutendea hivyo hata mutumwa. Kiisha Aristoteles, katika kitabu chake cha ufundi wa kusema, akaeleza vizuri zaidi. Alisema hubris ni kumutendea mutu ao kumwambia jambo la kumuaibisha, si kwa faida yoyote, si kwa kulipa kisasi, ila tu kwa furaha ya kufanya hivyo, sababu mwenye kufanya anajisikia ameinuka juu ya mwenzake. Na aliongeza kwamba vijana na matajiri njo wanashikwa mbio na ugonjwa huu.

Vijana, munasikia? Ni sisi.

Neno hilo la Wayunani liko hata ndani ya Agano Jipya. Mutume Paulo, katika 1 Timoteo 1:13, anajiita kwa jina la mutu wa hubris, wakati anakumbuka maisha yake ya zamani. Watafsiri wa Biblia ya Union Version, yenye ilitoka mwaka 1952, walitafuta neno la Kiswahili lenye kutosha, na wakaandika: mwenye jeuri. Walichagua vizuri sana. Sababu, fikirini: Sauli alikuwa nani wakati ule? Hakuwa mutoto mwenye anajibu wazee vibaya. Alikuwa na barua za makuhani mufukoni. Alikuwa anaingia nyumba kwa nyumba, anakokota wanaume na wanawake, anawatia gerezani. Jeuri yake ilikuwa jeuri ya mutu mwenye kibali. Pale Biblia inataja jeuri, haitaji mutoto wa klasi ya saba. Inataja mutu mwenye barua.

Wenzetu wa Latin-Filozofia wataongeza neno lingine, lile la Kifaransa lenye walimu wanapenda: insolence. Linatoka mu Kilatini, insolens, na maana yake ya kwanza ni mutu mwenye hajazoea. Hajazoea nini? Hajazoea cheo kipya, feza mpya, nguvu mpya. Jana alikuwa anatumwa, leo anatuma, na kichwa chake bado hakijazoea kofia. Kilatini kinatuambia vile vile: jeuri ni ugonjwa wa mutu mwenye amepanda.

Lakini juu ya nini twende mbali mpaka Athene na Roma? Inchi yetu ya Waluba ina masimulizi yake, na wazee wanayajua bila kufungua kitabu. Nani kati yetu hajasikia habari ya Nkongolo, mufalme wa upinde wa mvua? Alikuwa na nguvu, lakini hakuwa na adabu. Alikula mbele ya watu, alicheka kinywa wazi, na mikono yake ilizoea damu. Akaja muwindaji Mbidi Kiluwe kutoka mashariki, mutu wa mwenendo muzuri, mwenye alikula kwa faragha. Kwa dada ya Nkongolo, Bulanda, alimuzaa Kalala Ilunga. Kijana akakua, akamushinda mujomba wake mu michezo. Wengine wanasimulia kama mama ya Nkongolo alicheka alipoona mutoto wake ameshindwa, naye Nkongolo kwa hasira akamuzika muzima. Kiisha akachimba shimo, akapanga mikuki ndani, akalifunika na mukeka, na akamwita Kalala Ilunga aje kucheza ngoma juu yake. Mupiga ngoma akamuonya kijana kwa sauti ya ngoma. Kijana akakimbia, akavuka Lualaba, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa.

Sasa ulizeni: mu habari hii, nani alikuwa na jeuri? Kama daftari ingekuwa ya Nkongolo, angeandika: Kalala Ilunga, jeuri, amemushinda mujomba wake. Na mupiga ngoma: jeuri, ametoa siri. Na mama: jeuri, amecheka. Lakini Waluba hawakuhifadhi habari namna hiyo. Wale wa chama cha Mbudye, wenye walisoma historia ku ubao wa lukasa kwa kugusa shanga zake na vidole, walishika kumbukumbu ya wafalme na ya desturi zenye mufalme mwenyewe alipashwa kufuata. Ufalme wenye walisifu ni ule wenye ulianza wakati mukubwa mwenye jeuri ameondoka. Njo msingi wa bulopwe, utawala wa heshima: mutawala kwanza ajitawale.

Tukishuka mu nyakati za karibu, tunakuta jambo lile lile. Kiswahili chenyewe kilifika huku ndani ya bara na misafara ya biashara, na mu mizigo ya misafara hiyo kulikuwa neno mushenzi. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, ni kusema mababu zetu. Leo sisi, wajukuu wa wale walioitwa washenzi, tunalitupa neno hilo juu ya mwenzetu mwenye anatokea mugini na sanduku lake la mbao. Tumesahau kama liliandikwa kwanza ku mugongo wetu.

Wakati wa Wabelgiji, mutu mweusi, hata kama ana mvi, aliambiwa tu, kama mutoto; vous ya heshima ilikuwa ya Wazungu. Tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba, mu hotuba yake ya Uhuru mbele ya mufalme Baudouin, alitaja jambo hilo dogo pamoja na yale makubwa, kazi za nguvu, udongo ulionyanganywa, gereza. Wengi walishangaa: juu ya nini neno dogo kama tu liingie mu hotuba kubwa vile? Sisi hatushangai. Alikuwa anasema jambo la Demosthenes: kidonda cha ngumi kinapona, lakini kuangaliwa kama si kitu, hiyo inabaki. Na vilevile tukumbuke: siku ile wako watu wenye walisema Lumumba njo mwenye alikuwa na jeuri. Muone tena vile neno linapenda kumurukia yule mwenye anajibu, na kumuacha yule mwenye alianza.

Kuna habari ingine ya karibu zaidi, na wazazi wetu wanaisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa ku Likasi, ku Kolwezi na fasi zingine. Walilala mu magare kwa miezi wakingojea treni, wengine walikufa pale pale kwa njaa na magonjwa, na treni zenye zilibeba wale wengine kuelekea Kasai zilipita hapa Kamina. Mbele ya mapanga na moto, kulitangulia neno. Waliitwa bilulu. Kila mutu wa Katanga anajua kilulu ni nini: ni mududu. Na mududu hakuna mwenye anamuuliza jina, wala mwenye anamuombea ruhusa ya kumuponda. Inchi haikukosa sheria. Tangu tarehe 7 Juni 1966 iko sheria yenye inaazibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, na kifungu cha 75 cha kitabu cha pili cha sheria za mauaji na makosa, yaani Kode Penali, kinaazibu matusi ya hadharani kwa kifungo cha siku nane mpaka miezi miwili. Chenye kilikosa ni watu wa kusema "apana" wakati neno lilikuwa bado neno. Watu walicheka. Njo vile jeuri inakula: inahitaji watu wa kucheka.

Kutokana na hayo yote, sisi tunashika maana moja, na tunaomba ninyi muipime. Jeuri ni dharau yenye ina nguvu nyuma yake, na yenye inafurahi kumushusha mwenzake. Pasipo dharau, si jeuri, ni kosa lingine. Pasipo nguvu, si jeuri, pengine ni hasira, pengine ni uoga, pengine ni ukweli.

Tunasikia mwenye kuuliza: basi, mudogo hawezi kuwa na jeuri? Mwanafunzi anaweza kufanya mambo yake, na sisi tunyamaze? Apana. Nguvu haiko mu cheo peke yake. Kuna mwalimu mwenye mushahara wake unachelewa, viatu vyake vimepasuka, na anakuja kila asubuhi kwa miguu kutufundisha hesabu. Mutoto mwenye baba yake amepata feza anaangalia viatu vile, anapiga mwenzake kiwiko, na wanacheka. Ile ni jeuri kamili! Mwalimu ana cheo, lakini mutoto ana feza, na ameitumia kama fimbo. Mutoto huyu ni insolens wa kweli, hajazoea feza yake. Na kundi la wadogo kumi wenye wanamuzunguka mmoja, wanamuimbia kilema chake ao jina la kabila yake, wale pia wana nguvu, nguvu ya wingi. Kapita mwenye kupita pale na kunyamaza amelinda jeuri.

Lakini sasa tuangalie upande mwingine. Mutoto wa klasi ya saba anaambiwa aende kuchota maji, anajibu: "Kapita, leo haiko zamu yangu, jina yangu iko ya kesho, angalia ku liste." Amesema ukweli. Sauti yake pengine ilipanda, ana miaka kumi na miwili, na hajajifunza kupanga maneno mbele ya mukubwa. Afundishwe adabu ya kusema, ndiyo. Kumuandika jeuri? Juu ya nini? Hakumudharau mutu. Alisoma liste. Ama mwanafunzi mwenye anamuuliza mwalimu: "Mwalimu, juzi ulisema vingine, tushike gani?" Huyo alikuwa anasikiliza kuliko sisi wote. Ama yule mwenye kukataa kucheka wakati wakubwa wanataka wote wacheke: huyo ni mupiga ngoma wa Kalala Ilunga, na shule yenye inamuazibu inajinyima sikio.

Na kuna mambo yenye hatuoni mu daftari hata siku moja. Kumuamsha mugeni usiku ili aimbe mbele ya vitanda. Kumwita mwenzako mushenzi ao mutu wa mugini. Kutangaza mbele ya klasi nzima, kwa kicheko, kama fulani wamemurudisha nyumbani sababu ya minervali. Kumutuma mudogo afue nguo za mukubwa. Watu wanaita hiyo mizaha, ao desturi ya interna. Lakini tumeona: kumuaibisha mutu bila faida, kwa furaha ya kujisikia juu, jina lake la zamani ni jeuri. Ulimi hauna mufupa, lakini unavunja mufupa. Kama neno jeuri litakaa mu daftari, basi likae pale fasi yake iko.

Kwa hiyo tunaweka mbele ya wenzetu makapita, na mbele ya Prefe na walimu wenye wanatuongoza, maombi matatu.

La kwanza: mu daftari ya tabia tusiandike jina la tabia, tuandike tendo. "Alikataa kufagia." "Alimutukana mwenzake, alimwita hivi." "Alijibu kwa sauti kubwa." Mwenye kusoma ataona mwenyewe kama ni jeuri ao si jeuri. Neno peke yake linaficha, tendo linaonyesha.

La pili: mutoto mwenye kuandikwa asikilizwe mbele ya azabu, hata dakika tano, na neno lake liandikwe pembeni. Hata Meidias alikuwa na haki ya kujibu.

La tatu: matusi ya kabila, ya kilema na ya umaskini yaandikwe kwanza kuliko makosa yote ya daftari, na yaandikwe hata kama mwenye kuyasema ni finalisti, hata kama ni kapita. Kuchelewa ku mustari kunaharibu dakika kumi. Neno bilulu liliharibu jimbo.

Wako wenye wataogopa kama wadogo watapanda juu ya kichwa chetu. Sisi hatuogopi. Mudogo anaheshimu mukubwa mwenye anafuata njia, na anamuogopa tu mukubwa mwenye ameiacha. Kuogopa na kuheshimu, kwa macho, vinafanana: wote wawili wanasimama ukipita. Tofauti inaonekana wakati umegeuza mugongo.

Miezi michache tu, sisi wa mwaka wa mwisho tutaandika Exetat na kutoka. Wengi wetu tutapewa kalamu zingine: ku biro, ku hospitali, mu jeshi, mu klasi za vijiji. Watu watasimama mbele ya meza yetu, watashika kofia mu mikono, na mmoja wao atasema: "Mukubwa, liste yako inasema vingine." Siku ile hakuna mwenye atatusimamia. Afadhali kujifunza hapa, na daftari ndogo, kuliko kule, na daftari kubwa.

Wenye kuona vingine waandike, gazeti hili ni la wote. Na mudogo mwenye kutupinga asiogope: hatutaita jibu lake jeuri.

Makapita wa interna, mwaka wa mwisho
Kamina